Miligramu si mililita: soma chupa kabla ya kumpa mtoto dawa

Mama au mlezi, kwenye chupa ya parasetamoli ya maji kuna vipimo viwili. Miligramu (mg) ni kiasi cha dawa yenyewe. Mililita (ml) ni ujazo unaoupima na kumnywesha mtoto.

Chupa hazifanani. Nyingine zina mg 120 katika kila ml 5, nyingine mg 250 katika ml 5 hizo hizo. Mtoto wa kilo 10 aliyeandikiwa mg 120 atapewa ml 5 za chupa ya kwanza. Ukimpa ml 5 za chupa ya pili, amepata zaidi ya mara mbili. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na dalili huweza kuchelewa.

Kwa hiyo:

- Mtoto apimwe uzito, kwa sababu dozi hufuata kilo zake.
- Kila chupa mpya, soma lebo upya.
- Pima kwa kikombe au bomba lenye alama za ml. Vijiko vya jikoni hutofautiana.
- Muulize muuguzi au mfamasia: "Ni ml ngapi za chupa hii, na baada ya saa ngapi?"

Ukigundua dozi imezidi, usisubiri dalili. Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja, na ubebe chupa.