Dawa ya Kupunguza Uzito kwa Asiye na Bima: Gharama Yake na Hatari ya Njia ya Mkato

Tangu sindano za semaglutide, zijulikanazo kwa majina ya Ozempic na Wegovy, zilipopata umaarufu duniani, wengi wanaotaka kupunguza uzito wamekuwa wakijiuliza: asiye na bima ya afya atazilipiaje? Swali hilo ni zito zaidi kwetu tuishio mipakani, ambako mzigo mdogo huweza kuvuka mkobani kati ya Kavimvira na Gatumba, au kwa mtumbwi juu ya Ziwa Tanganyika, bila kupita mikononi mwa mfamasia yeyote.

Nchini Burundi, Mutuelle de la Fonction Publique huwahudumia watumishi wa serikali na familia zao. Mkulima, mvuvi na mchuuzi wana kadi ya CAM, ambayo humpunguzia mwenye nayo gharama za matibabu katika vituo vya afya vya serikali. Kadi hiyo haimsaidii katika duka la dawa la binafsi. Huko, dawa ya aina hii ikipatikana, hununuliwa kwa fedha taslimu.

Nazo fedha hizo si kidogo. Nchini Marekani, bei ya kawaida ya Wegovy ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi; Machi 2025 mtengenezaji aliwauzia wasio na bima kwa dola 499. Hata kwa bei hiyo iliyopunguzwa, mwaka mmoja ulifikia dola 5,988. Tena dawa hii haitumiki mara moja ikaisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba walioacha sindano walirudisha takriban theluthi mbili za uzito waliokuwa wamepunguza, ndani ya mwaka mmoja. Basi mwenye fedha za mwezi mmoja tu asihesabu kwamba amenunua tiba. Amenunua mwanzo wake.

Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kumwona daktari. Dawa hizi kwa kawaida hukusudiwa mtu ambaye uzito wake kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, hufikia 30, au 27 akiwa na maradhi yanayohusiana na unene. Mwenye urefu wa mita 1.60 hufikia 30 akiwa na kilo 77 hivi. Aliye chini ya hapo huenda hahitaji sindano kabisa. Anayehitaji dawa amwulize daktari kuhusu orlistat, dawa ya zamani ya vidonge ambayo sasa hutengenezwa na viwanda vingi. Mjamzito asitumie dawa hizi.

Ughali huo ndio unaomnufaisha mlaghai. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa mwaka 2023 nchini Brazili, Uingereza na Marekani. Oktoba 2023, nchini Austria, watu kadhaa walilazwa hospitalini baada ya kutumia kalamu bandia. Sukari yao ya damu ilishuka mno, na ilishukiwa kwamba ndani mlikuwa na insulini. Vidonge vinavyoitwa vya mitishamba navyo si salama kwa jina hilo tu: katika baadhi yake, sehemu mbalimbali za dunia, imegunduliwa sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na kiharusi.

Hata kalamu halisi huweza kuharibika njiani. Kabla ya kuanza kutumiwa, hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyoshinda mkobani katika joto la Bujumbura haiwezi kuaminiwa tena, ijapokuwa boksi lake ni zuri.

Ndugu msomaji, kabla ya kulipa, zingatia haya:

Nunua kwa cheti cha daktari, katika duka la dawa lenye kibali na lenye jokofu.

Linganisha nambari ya toleo na tarehe ya mwisho iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye kalamu. Zikitofautiana, usinunue.

Dai risiti, na uihifadhi pamoja na boksi.

Usigawane kalamu na mtu mwingine, hata ukibadilisha sindano.

Ukitokwa na jasho jingi, ukatetemeka au kuchanganyikiwa baada ya kujidunga, kunywa kitu chenye sukari na uende hospitali mara moja. Aliyezimia asinyweshwe chochote; apelekwe haraka.

Dawa unayoitilia shaka usiitupe wala kuiuza ili kurudisha fedha zako. Ipeleke kwa mfamasia au kwa ABREMA, mamlaka inayosimamia dawa nchini, au toa taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, ukieleza uliinunua wapi na lini. Boksi moja na nambari yake vyaweza kuwaonyesha wachunguzi njia uliyopita mzigo mzima, kabla kalamu nyingine haijamfikia jirani yako.