Paka wa ghalani hatoshelezwi na ugali

Mkulima mwenye ghala la mahindi hufuga paka apunguze panya, kisha humlisha ugali mtupu akiamini kwamba njaa itamfanya awinde zaidi. Hesabu hiyo ni mbovu.

Mbwa hutengeneza taurini mwilini na hugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A. Paka hawezi kuigeuza, na taurini anayoitengeneza ni kidogo mno. Vyote huvipata kwenye nyama, samaki au panya wenyewe. Panya wakiadimika akabaki na ugali, macho hufifia na moyo hutanuka. Uhusiano wa taurini na ugonjwa huo wa moyo ulibainishwa Marekani mwaka 1987. Mwenye paka hudhani amezeeka tu, kumbe panya wanarudi kwenye magunia.

Njia rahisi ni dagaa. Waoshe mchanga, uwachemshe bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu huharibu damu ya paka. Maji usimwage: taurini nyingi huyeyukia humo, hivyo changanya na ugali. Maini yawe kidogo, mara moja kwa wiki. Vitamini A ikizidi huumiza mifupa.

Na wenye maduka, msimuuzie mteja chakula cha mbwa kwa ajili ya paka. Hakikupimwa kwa mahitaji yake.