Njia ya Mlimani Ilivyonifunga Mdomo

“Mama, ulikuwa wapi siku zote hizi?”

Swali hilo nimewauliza akina mama wajawazito mara nyingi mno. Mimi ni muuguzi, na kituo ninachofanyia kazi kipo tambarare, chini ya Milima ya Usambara. Mama akifika kliniki wakati tumekwisha kufunga vitabu, au akija kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi saba, nilikuwa namkaripia mbele ya wenzake. Nilidhani namsaidia. Mwezi wa Agosti 2024 nilipanda milima ile kwa miguu yangu mwenyewe, nikatambua kwamba swali langu halikuwa swali, lilikuwa fimbo.

Safari yenyewe haikuwa ya kazi. Umoja wa wanawake wa usharika wetu ulikuwa umeweka akiba kidogo kidogo kwa mwaka mzima, tukakubaliana kutembea siku tatu kutoka Lushoto hadi Mtae tukiongozwa na mtembezaji wageni mwenye kibali. Tulikuwa wanawake wanane, na mkubwa wetu alikuwa na miaka 58. Mume wangu aliposikia alicheka, akasema, “Yaani mnalipa fedha ili mkachoke?” Hata hivyo alikubali kubaki na watoto, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Siku ya kwanza: msituni

Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, upo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Tulitoka asubuhi na sweta zetu, maana baridi ya huko mwezi wa Agosti si ya mchezo. Kijana wetu, Msambaa wa hapo hapo, alitupa sharti moja: “Mama anayechoka upesi ndiye atangulie mbele. Wengine wote watafuata mwendo wake.” Tulizoea kwamba wenye nguvu hutangulia na dhaifu hubaki nyuma akihema peke yake. Kwa sharti lile hakuna aliyeachwa hata hatua moja.

Tuliingia katika msitu wa asili wa Magamba. Miti ya mikulo imepanda juu hata jua halifiki chini, na mbega weusi kwa weupe wanaruka matawini. Kijana alituonyesha vijito vinavyotoka msituni humo na kuteremka kumwagilia mashamba ya mabondeni. Basi tukaelewa kwa nini msitu ukikatwa, mama wa bondeni ndiye wa kwanza kulia.

Njiani tulipishana na wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani na watoto mgongoni. Sisi tulikuwa na viatu vizito na fimbo. Wao walikuwa na kandambili. Walitusalimia wao kwanza, bila kuhema. Jioni tulifika Lukozi, ambako magari yalikuwa yakipakia kabichi na viazi vya kwenda mijini. Tulilala nyumba ya wageni, na alfajiri adhana ya msikiti ndiyo iliyotuamsha kwa sala zetu.

Siku ya pili: mama mwenye kadi

Njia ya kwenda Rangwi hupanda na kushuka kati ya vijiji na mashamba ya matuta. Ukimaliza kilima kimoja unaonyeshwa kingine. Kama saa tatu asubuhi tulimkuta mama kijana amepumzika kwenye jiwe. Kwa macho ya kazi yangu nilikadiria mimba yake kuwa na miezi minane. Kadi yake ya kliniki aliizungushia mfuko wa plastiki na kuifunga kwenye pindo la kanga.

Tulitembea naye kwa muda. Nilimwuliza ametoka nyumbani saa ngapi. Akasema ametoka kabla hakujapambazuka, baada ya kuchota maji na kuwaachia watoto wawili uji. Kisha, bila kujua anaongea na nani, akaeleza: “Mwezi uliopita mvua ilininyeshea njiani, nikachelewa. Nesi alinigombeza sana mbele za watu, akaniambia nirudi siku nyingine. Nilisikia aibu. Mwezi huu nilikuwa nimekwisha kusema siendi tena. Mama mkwe ndiye aliyenibembeleza.”

Wenzangu walinitazama. Mimi nilitazama chini. Kituo alichokisema hakikuwa changu, lakini maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Nilipomwambia kwamba mimi pia ni nesi, yule binti alishtuka, akaanza kuniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi! Njia ilipogawanyika nilimshika mkono, nikamwambia, “Mwanangu, ni sisi tunaopaswa kukuomba radhi wewe.” Akaondoka kwa haraka ili asichelewe tena.

Usiku ule tulifikia kwa masista wa Kikatoliki wa Rangwi, ambao hupokea wasafiri. Baada ya chakula tulisoma pamoja habari za Mariamu alivyopanda milimani kwa Elisabeti. Habari hiyo nimeisikia tangu utoto, lakini sikuwahi kufikiri juu ya miguu ya Mariamu. Elisabeti hakumwuliza alikuwa wapi. Alimpokea kwa furaha na kumbariki.

Siku ya tatu: ukingoni

Mtae ni kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa mlima. Ukisimama pale unaona nyika ya Mkomazi chini kabisa, na ng’ambo yake Milima ya Upare. Magoti yalituuma, lakini tuliimba. Wenzangu walifurahia mandhari. Mimi nilikuwa natazama vijia vyembamba vinavyoshuka, nikiwaza jinsi vinavyoteleza wakati wa masika, na mama mwenye uchungu akishushwa hapo kwa machela.

Mkitaka kwenda nanyi

Akina mama wenzangu, safari kama hii inawezekana, ila ijiandaeni. Wiki kadhaa kabla, tembeeni walau saa moja kila siku. Vaeni viatu mlivyokwisha kuvizoea, kwani vipya huleta malengelenge. Lengelenge likitokea usilipasue; lisafishe na kulifunika. Chukueni maji ya kutosha, nguo za baridi na koti la mvua. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza, wala asiache dawa zake nyumbani. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo yenye njia kavu zaidi.

Kwa mama mjamzito anayeishi mbali

Anza kliniki mapema, kabla mimba haijatimiza wiki 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane. Panga mapema na mumeo: fedha ya usafiri, mtu wa kukusindikiza, na mahali pa kufikia karibu na kituo wiki za mwisho. Ukitokwa na damu, ukaumwa sana kichwa, ukaona kiwi, ukapata degedege au homa, chupa ikipasuka, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje siku ya kliniki. Nenda mara moja. Na nesi akikugombeza, mama yangu, usikasirike ukaacha kwenda. Rudi kwa ajili ya mtoto wako.

Tangu niliporudi

Kituoni kwetu tulizungumza, tukakubaliana kwamba wanaotoka mlimani wahudumiwe kwanza ili warudi kabla ya giza. Mimi bado ni mkali, tabia haiishi kwa siku tatu. Kuna asubuhi neno la zamani linanifika mdomoni, nami hulimeza.

Lakini nimejifunza pia nyumbani. Mtoto akichelewa kutoka shule, au binti wa kazi akikawia sokoni, ni rahisi kufoka kabla ya kusikia. Ndugu msomaji, kila anayechelewa ana njia aliyopita. Hatuna budi kuiuliza kwanza.

Sasa mama akiingia kliniki mchana, vumbi jekundu likiwa miguuni, namvutia benchi na kumpa maji. Kisha namwuliza, “Pole, mama. Umetoka nyumbani saa ngapi?”