Dawa ya Damu kwa Mtoto: Tafiti Zote Zinasemaje?

Akina mama wengi hutuuliza kliniki: "Sista, mwanangu hana damu. Nimnunulie dawa ya damu?" Swali hili limewahi kuchunguzwa hapa Pemba, na matokeo yake yalishtua wataalamu wa nchi nyingi.

UTAFITI WA PEMBA
Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya watoto wa Pemba wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet: waliopewa chuma walizidi wenzao kwa asilimia 12 katika kuugua sana hadi kulazwa, au kufariki. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi mno kisiwani. Utafiti kama huo uliofanyika Nepal, mahali ambapo malaria si tatizo kubwa, haukuona madhara hayo.

TUSHIKE LIPI?
Utafiti mmoja ni sawa na shahidi mmoja. Kwa hiyo wataalamu hufanya mapitio ya tafiti zote. Kwanza huandika swali na mpango wao kabla ya kuanza. Kisha hutafuta kila utafiti, hata wenye matokeo yasiyopendeza. Watu wawili, kila mmoja peke yake, huchagua tafiti zinazofaa na kupima ubora wake. Halafu huunganisha hesabu, na utafiti mkubwa hupewa uzito zaidi. Mwisho huchapisha yote, pamoja na kasoro za kazi yao, ili wengine wakague. Matokeo mabaya yakifichwa, jibu hupotoka, na anayeumia ni mtoto.

Mwaka 2016 shirika la Cochrane lilichapisha mapitio ya tafiti 35 zenye watoto 31,955. Palipokuwa na kinga na matibabu ya malaria, chuma hakikuongeza malaria. Palipokosekana huduma hizo, malaria iliongezeka. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba penye malaria, chuma kitolewe pamoja na kinga, upimaji na matibabu ya malaria.

USHAURI KWA WAZAZI
1. Usimnunulie mtoto dawa ya damu bila kupimwa. Mlete apimwe wingi wa damu na malaria.
2. Mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku. Akipata homa, apimwe siku hiyohiyo.
3. Ukipewa dawa, fuata kiasi ulichoelezwa. Iweke mbali na watoto, kwani chuma kikizidi ni sumu.
4. Mpe dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na chungwa. Usimpe chai wakati wa chakula.

Malaria imepungua sana Pemba tangu miaka ile, lakini haijaisha. Tusiache vyandarua.