Moyo wa Mtoto Unapovuma

Kazi yangu ya redio ni kusikiliza sauti, lakini kuna sauti moja ambayo sikuielewa mpaka daktari aliponikalisha chini. Ni mvumo wa moyo.

Mpwa wangu alipokuwa na miezi mitatu alikuwa akinyonya kidogo, anaacha, anahema, jasho linamtiririka kichwani. Katika zahanati moja dada yangu aliambiwa mara mbili kuwa ni nimonia, akarudi na chupa ya dawa. Mara ya tatu alimpata daktari aliyemvua mtoto fulana na kumsikiliza kifuani kwa utulivu. Akasema pana tundu kwenye moyo. Kipimo cha picha kilithibitisha.

Alijuaje? Moyo hupiga du-dup, na sauti hizo mbili ni za milango yake ikijifunga. Damu ikipita penye nafasi haina kelele. Ikipenya kwenye tundu au mlango uliobana huvurugika na kuvuma, mithili ya mpira wa maji ulioubana kwa kidole. Tundu la kati ya vyumba vya chini huvuma kutoka pigo la kwanza hadi la pili. Upo pia mshipa ambao hupaswa kujifunga mara baada ya kuzaliwa. Usipojifunga huvuma mfululizo bila kupumzika. Dk. George Gibson wa Edinburgh aliueleza mvumo huo mwaka 1900, na mpaka leo madaktari huufananisha na mashine.

Kilichonishangaza ni hiki: kelele kubwa si lazima iwe ugonjwa mkubwa. Tundu dogo laweza kupiga kelele sana kwa sababu damu hupita kwa kasi, ilhali tundu kubwa hunong'ona. Tena, mtoto mwenye ugonjwa uitwao Fallot, anapogeuka buluu ghafla, mvumo wake hufifia, maana damu iendayo mapafuni imepungua. Ukimya huo ndio wa kuogopa.

Tena mtoto aweza kuzaliwa na tundu na siku hiyo asisikike lolote, kwa kuwa presha ya mapafu bado iko juu. Mvumo hujitokeza baada ya siku au wiki kadhaa. Kwa hiyo jibu la siku ya kuzaliwa lisikufanye ukose kliniki.

Kwa upande mwingine, watoto wengi wazima kabisa huwa na mvumo laini, hasa wakiwa na homa, na hauwadhuru. (Jirani yangu mmoja aliposikia neno hilo alianza kuchangisha nauli ya India!) Anayetenganisha huu na ule ni daktari, kwa sikio lake na kwa kipimo cha eko.

Wewe mzazi huna chombo cha kusikilizia, lakini una macho. Mtoto akichoka kunyonya, akipumua haraka hata usingizini, asipoongezeka uzito, au ulimi na fizi zikiwa na rangi ya buluu, mpeleke hospitali. Kwa ngozi zetu nyeusi usitazame mashavu, tazama ulimi. Na ukifika huko, omba mtoto avuliwe nguo na asikilizwe moyo.