Lenzi Ishtakiwe Mwisho

Ukisimama Hippo Point, Kisumu, jioni, lenzi ya zumu imevutwa hadi milimita 300, boti ya wavuvi iliyo mita 800 kutoka ufuoni inaonekana kwenye kioo cha kamera kana kwamba unaweza kuigusa. Nyumbani, picha ikifunguliwa kwenye kompyuta, kingo za boti zimelegea na nyuso za wavuvi hazina makali. Lawama ya kwanza huangukia lenzi, hasa ikiwa ni ile ya bei nafuu iliyouzwa pamoja na kamera. Hoja ya sura hii ni kwamba kwenye ufuo wa Ziwa Victoria lenzi inafaa kushtakiwa mwisho. Zumu huvuta kilicho mbali, lakini haiondoi kilicho katikati. Kati yako na ile boti kuna mita 800 za hewa, na kila kasoro ya hewa hiyo hukuzwa sawasawa na boti yenyewe.

Hewa yenye joto na hewa ya baridi hupindisha mwanga kwa viwango tofauti, na zinapochanganyika kitu kilicho nyuma yake huonekana kikicheza, kama ukuta unaoutazama juu ya jiko la makaa. Jambo hili ni la zamani kuliko kamera: Isaac Newton, katika kitabu chake cha Opticks cha 1704, alishaona kwamba hata darubini iliyotengenezwa vizuri kupita zote ingezuiwa na mtikisiko wa hewa, ndiyo maana alifikiria vilele vya milima mirefu. Wapiga picha wengi wanalijua hili kwa nchi kavu, na ushauri wao ni mmoja: amka mapema, kabla jua halijachoma ardhi. Kwa swala wa hifadhi ya Impala ushauri huo unafaa kabisa. Kwa boti iliyo majini unaweza kukupotosha. Maji ya ziwa hukaa karibu na nyuzi 25 usiku na mchana, ilhali hewa ya alfajiri Kisumu hushuka chini ya nyuzi 20, na upepo wa usiku hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Hewa ya baridi inapopita juu ya maji yenye joto, tabaka lililogusana na maji hupata moto na kuanza kupanda. Mtikisiko huzaliwa hapo hapo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati mpiga picha anaamini yuko salama.

Namna ya kuitambua hewa ni rahisi. Iweke kamera kwenye tripodi, funga fokasi isibadilike, kisha piga picha ishirini mfululizo. Kasoro ya lenzi hurudi vilevile katika kila picha, mahali pale pale. Hewa haina uaminifu huo: picha ya tatu ina mlingoti uliopinda, ya nne mlingoti umenyooka lakini ubavu wa boti umevimba. Ukiona mabadiliko hayo, usipoteze pesa kwa fundi. Sogea karibu, au chagua iliyo bora kati ya zile ishirini.

Hapa kuna pingamizi la haki: mbona simu, mahali pale pale na saa ile ile, imetoa picha kali? Kwa sababu simu imeichora boti ikiwa ndogo mno. Mtikisiko uliosambaa pikseli sita kwenye picha ya zumu haufiki hata pikseli moja kwenye picha pana ya simu, na programu ya simu huongeza makali yake yenyewe kabla hujaiona. Linganisha boti kwa boti, siyo picha kwa picha, na simu itashindwa.

Baada ya hewa, mwendo. Wanaokodi boti ufuo wa Dunga kwenda kutafuta furukombe hupandisha kasi ya shata hadi 1/500 wakidhani imetosha. Tuseme boti inayumba digrii moja tu kwa sekunde, nayo ni siku tulivu. Kwa milimita 300, katika 1/500 ya sekunde taswira huteleza takribani mikroni 10 juu ya kihisi, na kwenye kamera ya kawaida ya megapikseli 24 yenye kihisi kidogo hizo ni pikseli mbili na nusu hivi. Alasiri, upepo wa ziwani unapoanza kusukuma mawimbi kuelekea ufuoni, kuyumba huongezeka mara kadhaa. Kituliza mtikisiko cha lenzi husaidia, ila hakimtulizi ndege. 1/2000 ndiyo kasi ya kuanzia ukiwa botini, hata kama ISO itapanda na picha ikawa na chembechembe. Chembechembe hupunguzwa kwenye kompyuta, mtelezo haurudishwi.

Fokasi nayo ina mtego wake kwenye kinamasi cha Dunga. Gonoleki wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, hapendi kukaa wazi. Kwa milimita 300, tundu f/5.6 na umbali wa mita 10, eneo lenye makali lina kina cha sentimita 25 hivi. Kamera ikikamata shina la funjo lililo nusu mita mbele ya ndege, yeye ameshapotea. Kikague kile kilicho mbele na nyuma yake: shina likiwa kali na ndege amelegea, lenzi inafanya kazi vizuri, ila imelenga pasipotakiwa. Tumia alama moja ya fokasi, siyo kundi zima. Kuna pia wanaovuta zumu hadi mwisho, wakakamata fokasi, kisha wakairudisha nyuma kupanga picha. Lenzi nyingi za picha za mnato hazishiki fokasi zumu inapobadilika, kwa hiyo ikamate upya. Wala usikimbilie f/22 ukidhani kina kitakuokoa. Kwenye f/22 kila nukta ya mwanga hutanuka hadi mikroni 30, karibu mara tatu ya f/8, na picha nzima hulegea kwa sheria ya fizikia.

Lakini zumu mbovu zipo, na nyingi za bei nafuu hupoteza makali kweli zikivutwa hadi mwisho tundu likiwa wazi kabisa. Basi ipime mahali ambapo hewa na mawimbi hayana kauli: ukurasa wa matangazo madogo ya Taifa Leo ubandikwe ukutani, mita 8, kivulini, tripodi, kituliza kimezimwa, kamera ijifyatue yenyewe. Toa kwanza kichujio cha bei rahisi kilicho mbele, na uangaze tochi ndani kutafuta nyuzi za kuvu, maana unyevu wa ziwani huzilea. Herufi zikikolea ukifunga hadi f/8, lenzi ni nzima na umejua mpaka wake. Zikilegea upande mmoja tu wa picha, igeuze kamera juu chini upige tena. Ulegevu ukihamia upande wa pili wa ukurasa, kioo kimoja ndani kimekaa upogo. Picha hizo mbili ndizo za kumpelekea fundi, pamoja na lenzi.