Mifupa ya kijana mwenye HIV nayo iangaliwe

WAZAZI na walezi wa vijana waliozaliwa na virusi vya Ukimwi huuliza mambo yale yale wafikapo kliniki: je, virusi vimepungua? Uzito umeongezeka? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kuhusu mifupa. Si ajabu, kwani mfupa unaopungukiwa na madini hauumi wala hauvimbi. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mkono kuvunjika baada ya kuanguka kidogo tu.

Umri ndio jambo la kutiliwa maanani. Karibu asilimia 90 ya madini ya mifupa huwekwa kabla mtu hajapita miaka 20 hivi, na akiba hiyo ndiyo ataitumia hadi uzeeni. Virusi vyenyewe huufanya mwili kuula mfupa upesi kuliko unavyoujenga, na mtoto aliyechelewa kubalehe huachwa nyuma zaidi. Tenofoviri, mojawapo ya dawa tatu zilizomo katika kidonge wanachopewa vijana wengi humu nchini wakifikisha kilo 30, nayo huchangia, maana huweza kuzifanya figo kupoteza fosfeti inayohitajiwa na mfupa. Kwa watu wazima, mfupa hupungua kwa asilimia 2 hadi 6 katika miaka miwili ya kwanza ya matibabu, kisha hali hutulia.

Tafadhali msomaji, usisome hayo ukamwachisha mtoto dawa! Virusi vikirudi na nguvu vitamuua, ilhali mfupa una tiba.

Daktari akiona haja anaweza kumhamishia kijana kwenye abakaviri, au aina mpya ya tenofoviri isiyoudhuru mfupa sana. Anaweza pia kumwandikia vitamini D na kalisiamu. Hapa pana mtego ambao wengi hawaambiwi. Kalisiamu ikimezwa tumbo likiwa tupu huzuia dolutegraviri, dawa nyingine iliyo katika kidonge hicho, isiingie mwilini vyema. Vimezwe pamoja na chakula. La sivyo, kidonge cha virusi kitangulie kwa saa mbili, au kingoje saa sita baada ya kalisiamu.

Kwa kijana ambaye mifupa imezidi kudhoofika kuna alendroneti, dawa iliyozoeleka kwa wazee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba iliimarisha mifupa ya uti wa mgongo ya vijana wenye HIV. Humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na kijana asilale kwa nusu saa isije ikamchoma koo. Isinunuliwe kiholela, hasa kwa msichana, kwani hukaa mifupani miaka mingi na huenda siku moja akataka kuzaa.

Mashine za kupima mifupa ni chache na ziko katika hospitali kubwa. Kwa hivyo mweleze daktari kama kijana amewahi kuvunjika, anavuta sigara, au anadungwa sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, ambayo pia hupunguza madini hayo.

Nyumbani, omena waliwao na mifupa yao, maziwa lala na sukuma wiki vinafaa kuliko soda. Na ile tabia ya kumkataza mtoto kucheza kwa kuwa "ni mgonjwa" haimsaidii. Mfupa hukomaa kwa kubebeshwa uzito, kwa hivyo aruke kamba, akimbie na acheze mpira na wenzake juani, mradi daktari hajamzuia.